Bastola ya Kufutika: Uzito, Jasho na Mkanda wa Kibuye

Jumapili saa tano asubuhi, Kibuye haina nafasi ya mtu kupita bila kuguswa. Wauza mitumba wametandika maturubai hadi ukingoni mwa barabara, wenye mikokoteni wanapaza sauti kuomba njia, waumini wanatoka kanisani Mtakatifu Theresa na kuingia moja kwa moja kwenye marundo ya viatu, na jua la Kisumu limeshaanza kuchoma mabega. Mbeba gunia anakusukuma, mtoto aliyepotea anakushika suruali akidhani wewe ni babake. Katika umati huo huenda wamo watu wawili watatu, wenye kibali cha serikali, waliofutika bastola chini ya shati. Hutawajua, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ila yupo ambaye ukimtazama dakika tano utamtambua: anajipapasa ubavu kila baada ya hatua kumi, anavuta shati chini, na akikaa kwenye benchi anajipinda kama mwenye jipu. Bastola yake inamuuma. Hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote.

Watu wengi huona kwamba raha ya kubeba ni anasa, jambo la kufikiriwa baada ya nguvu ya risasi na jina la kiwanda. Mimi nasema ndilo la kwanza, kwa sababu ya usalama wenyewe. Bastola inayochoma mbavu haikai kiunoni. Wiki ya kwanza inavaliwa kwa fahari, wiki ya tatu inahamia kwenye dashibodi ya gari, mwezi wa pili iko kwenye droo ya kaunta dukani, chini ya risiti, mahali ambapo kijana wa duka anajua na mtoto aliyekuja likizo atajua. Gari linaachwa kwa waoshaji, droo inavunjwa usiku. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii ya mbali ni mbaya zaidi, maana huweza kushikwa na mwingine. Sheria ya Kenya humtaka mwenye silaha kuilinda isipotee wala isiangukie mikono isiyostahili, na uzembe wake ni kosa la jinai. Kwa hiyo swali la "itanikaa vizuri?" ni swali la kama itabaki mwilini mwangu au itanitoroka.

Tuanze na kibali, kwa kuwa ndicho kinachoamua utaratibu wa uchaguzi wote. Nchini Kenya hakuna haki ya kuzaliwa ya kubeba bastola. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inadai mtu awe na sababu nzuri na awe anafaa kuaminiwa, na cheti anachopewa na Bodi ya Leseni za Silaha hutaja silaha ipi hasa na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kununua na kuweka. Desemba 2018 serikali iliamuru wenye vyeti wote nchini wahakikiwe upya ndani ya siku 90, na waliojua wanamiliki kihalali walipanga foleni kama wengine. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba bastola haibadilishwi kama simu. Ukikosea, utaishi na kosa lako, au utarudi kwenye makaratasi. Lakini ala yake, ule mfuko unaoishikilia kiunoni ambao wengine huuita holsta, haina cheti. Mkanda hauna cheti. Shati halina cheti. Hapo ndipo pa kujaribu, kukosea na kujaribu tena bila kumsumbua ofisa yeyote.

Kabla ya kununua, hata hivyo, mtu wa Kisumu anapaswa kujiuliza kama anaihitaji kweli. Nauliza kwa uzito. Zamani sababu ya mfanyabiashara ilikuwa bunda la noti: aliyenunua samaki Dunga au mchele Ahero alibeba fedha za wiki nzima mfukoni. M-Pesa, iliyoanza 2007, imelitoa bunda hilo kwa watu wengi. Wapo waliobaki na sababu halali: anayefunga duka la jumla usiku, anayesafiri barabara ya Busia na mzigo, aliyetishiwa maisha na kuripoti. Ila wapo wanaotaka bastola kwa sababu jirani anayo. Kwa hao hakuna ala itakayowakaa vizuri, kwa kuwa usumbufu wake utakuwa mkubwa kuliko haja yake kila siku ya mwaka.

Na kuna jambo la mji huu ambalo vitabu vya mafunzo vya ng'ambo haviwezi kukwambia. Waziri Tom Mboya, mwana wa kisiwa cha Rusinga kwenye ziwa letu, aliuawa kwa bastola katikati ya Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ambayo hadi leo wengi tunaiita Russia, walinzi walifyatua risasi kwenye umati na watu wakafa, watoto wakiwamo. Baadaye zikaja risasi za mitaani Kondele na Nyalenda katika misimu ya uchaguzi. Mama anayeuza omena Kibuye akiona mpini wa bastola ukichungulia kwenye shati la mtu, haoni chombo cha kujikinga. Anaona miaka hiyo yote. Kuficha kwetu si mbinu ya kumshtukiza mwizi peke yake. Ni heshima kwa mji uliokwisha kuumizwa. Bastola inayoonekana kupitia kitambaa imeshafanya madhara hata kabla haijatolewa.

Sasa bastola yenyewe. Kenya imezoea Ceska, jina ambalo kwa wengi limekuwa karibu jina la bastola yoyote. CZ 75, mojawapo ya Ceska hizo, iliyobuniwa katika Chekoslovakia ya wakati ule, ni chuma kitupu: ikiwa haina risasi ina uzito wa kilo moja, ikijazwa inakaribia kilo 1.2. Inatulia mkononi kama nyundo nzuri, na mlengaji mgeni huipenda uwanjani kwa sababu uzito wake humeza teke la risasi. Jioni ya siku ya kazi, baada ya saa kumi za kuning'inia upande mmoja wa nyonga, mgongo unatoa hesabu tofauti. Glock 19 ya Austria, yenye mwili wa polima, inabeba risasi 15 na ikijazwa haizidi sana gramu 850. Tofauti ya gramu 350 ni kama kubeba au kutobeba soda ndogo kiunoni kuanzia asubuhi. Halafu kuna ndogo zaidi: Glock 26 ya risasi 10, Glock 43 nyembamba ya risasi 6, na tangu 2018 SIG P365 iliyofanikiwa kuingiza risasi 10 kwenye kitu kinachokaribia kufichika kiganjani.

Mnunuzi mpya hukimbilia ile ndogo kabisa, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Risasi ya milimita 9 ni ileile, lakini chombo kinachoizuia isirudi nyuma kimepungua uzito nusu. Teke lake ni kali, kidole kidogo hakina pa kushika, na mtutu mfupi huadhibu kila kosa la mkono. Mtu anafyatua risasi ishirini, anaumia kiganja, na hafanyi mazoezi tena. Amebaki na bastola rahisi kubeba asiyoweza kuitumia, na kwenye soko la watu wengi hiyo ni hatari kwa kila mtu isipokuwa labda mwizi. Kuhusu ukubwa wa risasi, mjadala wa miaka ya nyuma umepoa: mwaka 2014 FBI ya Marekani ilitoa tathmini iliyopendelea milimita 9 kuliko ile ya .40 iliyokuwa ikitumiwa, ikisema maofisa hulenga vizuri zaidi nayo. Kwa raia anayejilinda hakuna sababu ya kutafuta kubwa zaidi ya hapo.

Jambo ambalo wachache huliamini hadi walione ni kwamba kinachoonekana chini ya shati si mtutu. Mtutu umezama ndani ya suruali, unafuata paja, haumsumbui mtu. Kinachochomoza ni mpini, kona yake ya chini ya nyuma, inayosukuma kitambaa kama kiwiko. Kwa hiyo bastola yenye mtutu wa wastani na mpini mfupi hufichika vizuri kuliko yenye mtutu mfupi na mpini mrefu. Zaidi ya hayo, mtutu ulioshuka kidogo chini ya mkanda hufanya kazi ya nanga: unazuia mpini mzito usianguke nje. Bastola fupi mno ina kichwa kizito na haina mkia, na siku nzima inajaribu kupinduka. Nimeona watu wakikatwa na ncha ya bastola ndogo na wakaponea kwenye iliyo ndefu zaidi kwa vidole viwili.

Shida ya mtu wa Kisumu ni kwamba hana mahali pa kuzishika zote. Wauzaji wengi wenye leseni wako Nairobi, mwendo wa kilomita zaidi ya 300, na ukifika kaunta ya duka unapewa dakika chache. Ushauri wangu ni kutumia safari hiyo kwa njia nyingine: kwanza uwanjani, dukani baadaye. Chama cha kitaifa cha wamiliki wa silaha kina uwanja wa shabaha Kirigiti, Kiambu, ambako hufanyika mashindano ya IDPA, mchezo ulioanzishwa Marekani 1996 ambao mshindani huchomoa bastola kutoka chini ya fulana kama angefanya maishani. Ukiwatazama asubuhi moja tu, utajifunza kuhusu ala na mikanda kuliko kwa kusoma mwezi mzima. Wengi wao ni watu wema, na ukiuliza kwa adabu watakueleza walinunua nini kwanza na kwa nini wamekiacha.

Tuje kwenye ala, maana hapa ndipo raha na usalama vinapokutana mahali pamoja pembamba sana: kifyatuo, pale kidole kinapovuta. Ala yoyote isiyofunika kifyatuo chote kwa ukuta mgumu, itupe. Glock haina kitufe cha usalama cha nje cha kusukuma kwa kidole gumba. Kinga zake ziko ndani na kwenye kifyatuo chenyewe, nazo zinachukulia kwamba hakuna kitu kitakachokigusa. Mfuko laini wa nailoni unaouzwa kwa kila aina ya bastola, ule wa kitambaa na klipu moja, unaweza kukunjika na kubonyeza. Kiunoni bila ala kabisa, kama kwenye filamu, ni kualika risasi kwenye paja au mahali pabaya zaidi.

Ngozi ina mashabiki wake, na mimi ni mmoja wao kwa moyo. Inachukua umbo la mwili, haikwaruzi, na baada ya miezi inakuwa yako kama kiatu. Lakini Kisumu si Limuru ya baridi. Joto la hapa hufika nyuzi 30 mara nyingi, na unyevu wa ziwa hauondoki. Ngozi inanywa jasho, inalainika, mdomo wake unajikunja ndani, na siku moja unaporudisha bastola mkunjo huo unaingia penye kifyatuo. Ajali za namna hiyo zimetokea kweli kwa watu waangalifu. Anayetaka ngozi aikague kila wiki na aistaafishe mapema, bila kuionea huruma. Ngozi ya mbuta, fahari ya mafundi wa kanda yetu, ni imara kwa ajabu ukiivuta na nzuri kwa macho, ila ni nyembamba: inafaa kwa pochi na viatu, haitoshi kusimamisha ukuta wa ala.

Plastiki ngumu ya Kydex, iliyofinyangwa kwa joto kufuata umbo la bastola moja maalumu, hainywi kitu. Unaiosha kwa maji na sabuni, unaifuta, basi. Inashika bastola kwa mlio mdogo wa kubana unaokuambia imeingia sawa. Ubaya wake ni kwamba ukingo wake ni mkali na ngozi ya binadamu inaungua chini yake. Dawa yake ni mbili na ni za bei ndogo. Ya kwanza ni vesti ya pamba iliyo ndefu, inayoingia katikati ya ala na mwili. Ya pili niliipata hapahapa, kwa watengeneza sofa: kipande cha sponji ngumu, kikubwa kuliko kiberiti kidogo tu, kilichobandikwa upande wa ndani wa ala, chini kabisa. Kinausukuma mtutu nje kidogo, na kwa sababu hiyo mpini unalala kuelekea mwilini. Kilichokuwa kinachoma kimeacha kuchoma na kilichokuwa kinaonekana kimeacha kuonekana, kwa sponji moja.

Mahali pa kuiweka, walimu wa shabaha huusoma mzunguko wa kiuno kama uso wa saa, kitovu kikiwa kwenye tarakimu 12. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari: wanataja tarakimu, hawataji saa kama tunavyoihesabu sisi. Anayetumia mkono wa kulia akiambiwa "nne" aelewe pale nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, penye tarakimu 4 ukutani. Hapo ndipo wengi huanzia, na kwa mtu anayesimama dukani ni pazuri: kuna bonde la asili nyuma ya mfupa. Tatizo ni kuinama. Ukiokota kitu sakafuni mpini unachomoza mgongoni kama nundu. Mbele, penye tarakimu 1, ni mahali salama zaidi dhidi ya mikono ya watu katika umati wa Kibuye, kwa kuwa unapaona na mikono yako iko karibu. Lakini mtutu unaelekea paja na kinena, kwa hiyo panadai ala bora kabisa na nidhamu isiyolegea. Na mwenye kitambi atajua ndani ya saa moja kama tumbo lake linakubali. Katikati ya mgongo, penye 6, nasema hapana. Ukianguka chali, chuma kinapambana na uti wako wa mgongo, na huwezi kulinda usichokiona.

Halafu panda bodaboda. Hakuna jaribio linaloshinda hilo katika mji wetu. Unainama mbele, upepo unaingia chini ya shati na kulipeperusha kama bendera, na abiria wa pili akipanda anabanwa mgongoni mwako. Ya nyuma ya nyonga itajulikana na kila mtu aliye nyuma kwenye foleni ya magari Kondele. Ya mbele inafichwa na mwili wa dereva. Kama bodaboda ndiyo usafiri wako wa kila siku, acha itamke kabla ya mwalimu yeyote. Ala ya bega inahitaji koti, na koti mchana Kisumu ni tangazo. Ya kifundo cha mguu ni ya mtu anayekaa ndani ya gari kutwa.

Kwa wanawake nimesikia ushauri mwingi mbovu, karibu wote ukiishia kwenye mkoba wa mkononi. Mkoba ndicho kitu cha kwanza mporaji anachokinyakua. Tena unawekwa chini, unaning'inizwa kitini, unaachiwa binti aushike kidogo. Wafanyabiashara wa Kibuye wanajua hekima ya zamani zaidi: fedha za siku zinafutikwa kibindoni, ndani ya fundo la kanga, chini ya mikono yao. Bastola nayo inataka kibindo. Kuna mikanda mipana ya kitambaa cha kuvutika inayovaliwa chini ya gauni, ikiwa na ukuta mgumu ulioshonwa penye kifyatuo. Bila ukuta huo si salama. Kuichomoa chini ya gauni ni polepole, na hilo likubaliwe mapema, lifanyiwe mazoezi, au mavazi ya siku hiyo yabadilike.

Chuma na jasho ni maadui. Ceska ya rangi ya buluu nyeusi niliyowahi kuibeba ilianza kuota kutu penye kona ya juu, pale inapogusa mbavu, kabla ya mwezi kuisha. Tangu hapo kitambaa chenye mafuta kidogo kila usiku, bila kukosa. Bastola za siku hizi zina mipako inayostahimili zaidi, lakini vumbi la soko na nyuzi za mitumba huingia kila mahali. Risasi zinazokaa kiunoni mwaka mzima zitumike kwenye mazoezi na nafasi yake ichukuliwe na mpya, ndani ya idadi ya cheti.

Sehemu moja ya mpango huu fundi wa Kibuye anaiweza kuliko duka lolote la Nairobi, nayo ni mkanda. Mkanda wa kawaida wa suruali unakunjika chini ya nusu kilo. Ala inaanguka nje, unaukaza, tumbo linauma, unalaumu bastola. Kinachotakiwa ni ngozi ya ng'ombe ya tabaka mbili, upana wa kama sentimita nne, iliyoshonwa kwa uzi mzito pembeni zote, isiyopinda ukiishika wima kwa ukingo. Kaa na fundi, mwambie unataka mgumu, na matundu yawe karibu karibu, kwa sababu kiuno cha asubuhi si cha baada ya ugali wa mchana. Usimpelekee bastola apime, wala usimchongeshe mwenye mbao mfano wake: silaha bandia zimewafikisha wengi mikononi mwa polisi. "Jaduong' (mzee), huu ni wa kubeba nini?" fundi wangu aliniuliza akiupinda bila mafanikio. Nilimjibu ni wa kubeba kazi, akatikisa kichwa, akatoboa.

Shambulio la magaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, liliwafanya wengi watamani bastola. Abdul Haji na raia wengine wenye vibali waliingia jengoni na silaha ndogo na kuwatoa watu, na ujasiri huo haufutiki. Lakini siku ileile ilionyesha jambo la pili: mtu asiye na sare aliyeshika bastola hajulikani ni nani. Ndani ya jengo lile hata askari walifyatuliana. Hamisha picha hiyo hadi Kibuye, ambapo neno "mwizi!" linatosha kukusanya watu mia na mawe. Vibanda ni vya mabati na mbao. Risasi ya milimita 9 haisimami kwenye bati, inapita hadi kibanda cha tatu ambako mtu anapima mahindi. Ndiyo maana siku ya soko kubwa mimi huiacha kwenye sefu iliyofungwa ukutani nyumbani. Pia siibebi nikijua nitakunywa hata bia moja.

Kwa aliyekwisha kuipata, naomba afanye hivi kabla ya siku ya kwanza ya kutoka. Aitoe risasi zote, aziweke chumba kingine, athibitishe mara mbili kwamba chemba ni tupu. Avae ala, mkanda, vesti na shati la kawaida, na akae hivyo nyumbani kwa wiki mbili. Achote maji, afunge kamba za viatu, abebe mtoto bila kumwonyesha, ale chakula cha jioni akiwa ameketi. Aende chooni, kwa maana hapo ndipo bastola nyingi husahaulika, na kwenye choo cha shimo hazirudi. Kila inapochoma aandike: ubavu, nyonga, tumbo, saa ngapi. Kisha aisogeze ala kwa upana wa kidole kimoja na kuanza upya. Mimi iliniuma siku tisa. Siku ya kumi, wakati wa kuoga, nilifungua mkanda na bastola ikanishtua kwa uzito wake mkononi, kwa kuwa tangu mchana nilikuwa sijaihisi.